Kigingi cha Permelia

Jumapili, 25 Machi 1855

Daftari jipya. La zamani limeliwa na panya, tena wameanzia kwenye kurasa za harusi yangu, wajinga hao.

Upepo leo umetaka kung'oa paa. Nusu yetu na nusu yao. Permelia anasema nusu yao imara zaidi kwa sababu mumewe Tandy alipigilia misumari kwa hasira na Asahel wangu alipigilia kwa sala. Nikamwambia sala za Vermont hazivuji. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nyumba yetu ni kituko, najua. Sheria ya ardhi hapa Kansas inataka mtu alale kwenye kipande chake mwenyewe, la sivyo mwingine anakichukua. Na vuli ile tulipofika, miti ilikuwa michache pale kijitoni, haitoshi nyumba mbili. Theluji inakuja. Ndipo Asahel na Tandy Harlow, watu waliojuana wiki moja tu, wakapima kwa hatua mpaka wa vipande vyao na kujenga nyumba moja juu ya mpaka. Sisi tunalala upande wa mashariki, kwetu. Wao magharibi, kwao. Permelia akachora mstari wa chokaa sakafuni. Meko yako upande wangu, kabati la vyombo upande wake, basi kutwa tunavuka mpaka bila ruhusa ya mtu.

Asahel alikuja huku ili Kansas isiwe nchi ya watumwa. Tandy katoka ng'ambo tu hapo, Missouri, alikuja kutafuta ardhi, na utumwa kwake ni kama mvua, ipo tu. Jioni wanabishana hadi mishipa ya shingo inawatoka, kisha Tandy anamkopesha Asahel tumbaku.

Ijumaa, 30 Machi

Siku ya kura. Nimechoka na nina hasira.

Wakubwa wa Washington walishindwa kuamua, wakatutupia sisi: wakazi wa Kansas wachague wenyewe, utumwa uwepo au usiwepo. Wakazi! Tangu juzi magari yanavuka kutoka Missouri, wanaume na bunduki na mapipa ya wiski, kila mmoja kachomeka uzi wa katani kifuani ili watambuane. Wanapiga kura, wanarudi kwao kulala.

Na baba yake Permelia akawa miongoni mwao! Mzee Ambrose Tuggle, na wanawe watatu. Wakashuka hapa kwa chakula cha mchana. Mzee mtaratibu, kavua kofia mlangoni, kanishukuru kwa maharage, kasema hajala maharage matamu hivi tangu mama yake afe. Ningefanya nini? Nikamwongezea. Kisha akaenda kuiba kura ya mume wangu.

Asahel amerudi jioni, koti limechanika. Kura husemwa kwa sauti mbele ya watu wote. Anasema alisema yake mara mbili kwa sababu ya kwanza walizomea. Nikamwuliza nani alikutoa pale mzima. Akavua koti lile. Kisha kasema: Tandy. Kasimama mbele yake na kuwaambia ndugu za mkewe, huyu ni jirani yangu, atakayemgusa ataanza na mimi.

Jumamosi, 31 Machi

Permelia kaniletea mkate wa mahindi, bila sukari, kama wanavyoula kwao. Mkavu kama nini sijui. Kasema, shoga, ukipenda boga penda na ua lake. Nikasema boga nalipenda, ila baba wa boga ananipa shida. Kaniangalia, kisha kalia. Nami nikalia. Mkate tukaumaliza.

Jumatatu, 16 Julai

Permelia ana mimba! Tangu Aprili anahisi na hakusema, aliogopa husuda. Mtoto wa Desemba. Nimefurahi kana kwamba tumbo ni langu. Miaka sita mimi na Asahel tumengoja na hakuna kitu, lakini leo hata hilo halikuniuma. Liliuma kidogo.

Ila furaha haikufika jioni. Mzee Tuggle kasikia habari na kamletea binti yake zawadi. Zawadi imeshuka kwenye gari na kifurushi cha nguo. Ni mwanamke. Anaitwa Viney. Umri wangu hivi, mrefu, hatabasamu bila sababu. Mkunga, kasema mzee, kazalisha nusu ya wilaya, hajapoteza mama hata mmoja.

Asahel kageuka mweupe kama unga. Tandy kakwepa macho yake. Permelia kasema kwa sauti ndogo: ni kwa ajili ya kujifungua tu, Roxana.

Jumatano, 1 Agosti

Asahel ametoa amri: upande wetu hatutumii kazi ya mtumwa. Basi anachota maji yake mwenyewe kwenye chemchemi ileile, kwa ndoo yake mwenyewe. Ndoo mbili mlangoni! Kuni anapasua zake. Lakini moto ni mmoja, na alfajiri anayeuwasha ni Viney kabla sisi hatujaamka. Nikamwuliza Asahel, joto hilo tulikatae vipi? Kanuna siku nzima, masikini. Ni mtu mwema, na wema wake hauna mahali pa kukaa katika nyumba hii.

Viney anatutazama tu. Leo nimemkuta anacheka peke yake kwenye chemchemi. Nikauliza kulikoni. Kasema: Bi Roxana, mumeo ananikwepa kama vile mimi ndiye niliyejileta.

Jumamosi, 15 Septemba

Sheria mpya zimeanza leo. Bunge lile la kura za wiski limeandika: atakayesema au kuandika kwamba watu hawana haki ya kumiliki watumwa Kansas, jela. Atakayemsaidia mtumwa kutoroka — miaka kumi, au kitanzi.

Haya, naandika: hawana haki. Hawana haki! Nimeandika mara mbili. Sasa daftari linalala ndani ya gunia la maharage.

Viney kaniona nikilificha. Kauliza, nami nimo humo? Nikasema umo. Nionyeshe. Nikamwonyesha jina lake. Kaliangalia kwa muda mrefu, kaweka kidole juu. Kasema mumewe aliwahi kumwandikia jina hilo kwenye vumbi, kabla hajauzwa Texas. Mwaka wa nne sasa. Kisha karudi kukatakata viazi.

Jumanne, 9 Oktoba

Loo! Siku ya ajabu kuliko zote.

Amepita mpima ardhi wa serikali, na mnyororo wake na wasaidizi wanne. Sisi sote nje, tunasubiri mstari wake upite katikati ya nyumba kama tulivyojenga. Mnyororo ukavutwa, ukavutwa, ukatupita! Ukaenda zake hatua ishirini na tatu magharibi ya nyumba. Wakachimbia kigingi pale, wakakirundikia udongo na majani, mpima akatugusia kofia, wakaenda.

Permelia akaanza kucheka, kashika tumbo. Roxana, tumekuwa wageni wako miezi yote hii na hukutuandalia hata chai! Tukacheka wote, hata Viney. Nyumba nzima iko kwetu. Tandy hajawahi kulala kwenye kipande chake hata siku moja! Mwaka mzima katuapia sheria, kumbe kalala kwa jirani. Na miguu ya Asahel ndiyo iliyopima, mtu wa hatua fupi yule, nilimwambia.

Asahel ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Kamtazama Viney. Kasema polepole: basi analala kwenye ardhi yangu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Siku tatu za mazungumzo na leo yamefika mahali! Naandika haraka kwa furaha.

Shida ya Tandy ni hii: kipande chake kiko wazi. Akisikia mtu mwingine yeyote kwamba hakuna anayelala pale, atakichukua kesho. Anahitaji nyumba pale kabla ya baridi, na shahidi wa kumwapia kwamba ni mkazi wa kweli. Shahidi ni Asahel. Asahel kasema: nitakupa magogo yote niliyokata kwa ajili ya zizi langu. Nitakujengea kwa mikono yangu. Nitakuapia. Nawe uandike karatasi ya uhuru wa Viney, naye abaki kwa mshahara mpaka mtoto azaliwe, kisha aende anakotaka.

Tandy kajikuna ndevu, kavuta tumbaku yake yote. Mkwe wangu ataniua, kasema. Asahel: mkwe wako yuko Missouri. Tandy: jirani, wewe ni nyumbu. Asahel: nawe pia. Wakapeana mkono! Karatasi itaandikwa Jumatatu mbele ya mhubiri.

Viney alikuwa anakanda unga. Hakugeuka. Lakini mikono ilisimama ndani ya unga, na nilimwona mgongo wake unavyopumua.

Jumapili, 14 Oktoba

Sijui niandikeje.

Wanaume wamekwenda kwenye mahubiri, Viney pamoja nao kubeba chakula. Mimi kichwa kinauma, nikabaki kitandani. Permelia kasema anakwenda kutembeza tumbo. Muda ukapita. Nikachungulia dirisha la upande wao kumwita.

Yuko kule kwenye kigingi. Miezi saba ya mimba, kapiga magoti. Anakitikisa mbele na nyuma kama jino bovu. Kikatoka. Kakifunika kwa aproni, kakibeba huku anayumba, hatua kwa hatua, mpaka usawa wa mstari wetu wa chokaa, nyuma tu ya nyumba. Kakipigilia kwa jiwe. Kisha karudi kuchukua udongo na majani kwa ndoo, safari kumi na nne. Nilihesabu. Kafukia shimo la kule, katawanya majani juu. Mikono ya mtu aliyezaliwa shambani! Huwezi kujua palichimbwa.

Ningetoka. Ningemwita. Nilisimama tu na nguo ya kulalia. Kwa sababu nilijua kwa nini. Juzi usiku alinishika mkono akasema, nikihamia kule nitazaa peke yangu na upepo, Roxana. Nikamwambia ni hatua ishirini na tatu tu. Kasema, leo ishirini na tatu, kesho je?

Na mimi pia sitaki aondoke. Hilo ndilo la kweli. Mungu nisamehe, nilipomwona anarudi nililala nikafumba macho.

Jumatatu, 15 Oktoba

Tandy kaenda asubuhi kuchagua mahali pa nyumba mpya. Karudi mbio, uso unang'aa. Kigingi kiko nyuma ya nyumba! Wapimaji wamerudi wakasahihisha! Nyumba iko katikati, kama tulivyosema tangu mwanzo! Hakuna haja ya kujenga. Kwa hiyo hakuna haja ya — kanyamaza. Lakini sote tumeelewa. Karatasi ya Viney haitaandikwa.

Asahel katoka, kapiga hatua, kachutama, kachimbuachimbua. Karudi na majani mkononi. Yamekauka hadi chini: yalikatwa siku ya wapimaji, si jana. Kasema: umekihamisha.

Tandy kacheka, akidhani utani. Kisha hakucheka. Kasema hajawahi kuitwa mwizi hata na baba yake. Asahel kasema, basi leo umeitwa. Permelia alikuwa anamenya boga. Hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa natazama mikono yake, kucha zina udongo mweusi, na nikangoja aseme. Naye hakusema. Nami sikusema.

Nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia. Nikisema, Tandy atajua mkewe kamdanganya, na Asahel atajua mimi nilitazama. Wataachana. Wacha wapoe, nitasema kesho.

Alhamisi, 18 Oktoba

Sikusema kesho yake. Wala jana.

Leo tunafua kijitoni, mimi na Viney. Kaanika shuka, kasema bila kunitazama: siku ile ya mahubiri ulibaki na maumivu ya kichwa, Bi Roxana. Dirisha la upande wao linatazama magharibi.

Nikaendelea kusugua shati lilelile.

Kasema: nimefua aproni ya bi mdogo Permelia. Najua udongo wa jikoni na najua udongo wa mpaka. Mnapendana sana nyie wawili, naona. Mnachekesha hata. Lakini Jumatatu ile mimi ningekuwa na karatasi. Mapenzi yenu nimeyalipia mimi.

Nikaanza kulia. Kaniambia ninyamaze, nitalowesha shuka zilizokauka.

Jumapili, 25 Novemba

Wanaume hawasemeshani mwezi na zaidi. Tandy anakula akiwa amenipa mgongo. Alikuwa ananiita shemeji kila baada ya neno, sasa ni Bi Studley, kwa jina la ukoo wa Asahel. Mstari wa chokaa uliokuwa umefutika kwa miguu yetu, Asahel kauchora upya. Ubishi wa mipaka uko kila mahali. Kusini ya mji wa Lawrence kijana mmoja wa upande wetu kapigwa risasi, kisa mpaka wa shamba. Rafiki zake wakachoma nyumba ya muuaji. Sherifu kamkamata mmoja wao, watu wakamnyang'anya mateka. Sasa gavana kaita jeshi la raia, na Missouri yote inavuka tena, safari hii si kwa kura.

Nilipokuwa Vermont nilidhani vita huanza kwa tarumbeta.

Permelia hawezi kufunga viatu. Namfunga mimi. Leo kanishika kichwa nikiwa nimeinama, kakishika tu. 

Jumamosi, 1 Desemba

Wameondoka wote wawili, asubuhi moja, kwa mlango mmoja. Asahel kaenda Lawrence kulinda mji. Tandy kaenda kambini kwa watu wa Missouri, mtoni Wakarusa, kuuzingira. Walisubiriana zizini kwa sababu ya tandiko — ni la Asahel, lakini mkanda wake ni wa Tandy. Tandy kaufungua. Kisha kaufunga tena, kasema nenda nao, nikirudi utanipa. Hakumtazama usoni.

Nilimkimbilia Asahel hadi kijitoni. Nikamwambia yote. Kigingi, dirisha, kila kitu. Si Tandy! Hakuwa Tandy! Rudi umwambie!

Kakaa juu ya farasi muda mrefu. Sijawahi kumwona na uso ule. Kasema: Roxana, mwezi na nusu. Kisha kasema: ningelijua Oktoba ningempigia magoti. Sasa wako watu elfu moja kule. Si habari ya kigingi tena.

Kaniinamia kanibusu, baridi. Kasema Viney asiwe hapa Krismasi ikifika. Akaenda.

Jumanne, 4 Desemba

Barua kutoka kwa mzee Tuggle. Nchi imechafuka, kasema, Ijumaa jioni anakuja na gari kumchukua binti yake na Viney, wote warudi Missouri hadi amani. Na akiona hali ni mbaya atamwuza Viney kabla watu wa Kaskazini hawajamwiba. Bei bado nzuri.

Permelia alinipa barua nisome kwa sauti kwa sababu macho yamemvimba. Viney alikuwepo. Nilisoma nikafika pale nikakwama. Viney kasema: endelea, Bi Roxana.

Baadaye nimemfuata zizini. Nikamwambia nitafanya chochote, nitatafuta mtu, nitakwenda mwenyewe. Kanikatiza. Kasema mambo yameshapangwa. Obed Whitlow, yule mzee nusu bubu anayepeleka mahindi kusagisha kila Ijumaa, anapita adhuhuri. Wamezungumza kijitoni wiki mbili sasa. Chini ya magunia, kaskazini, nyumba kwa nyumba mpaka Iowa. Mimi nilidhani ni mtu wa kuokolewa. Alikuwa anajiokoa huku mimi nalia juu ya shuka.

Nikauliza, mimi nifanye nini basi?

Kasema: wewe unajua kunyamaza. Nimekuona. Oktoba ulinyamaza kwa ajili yake. Ijumaa nyamaza kwa ajili yangu.

Ijumaa, 7 Desemba

Naandika kwenye goti. Mkono mmoja, mwingine umeshikwa. Wacha nieleze kwa mpangilio maana akili inaruka.

Uchungu ulimwanza Permelia alfajiri. Leo! Siku zote za mwaka zikaisha ikabaki leo! Viney alikuwa naye tangu mwanga wa kwanza. Kamtembeza, kamkanda mgongo, kamwimbia kitu. Hakuharakisha hata kidole. Huku ananifundisha mimi: sikiliza pumzi, usimvute mtoto, uzi ufunge mara mbili, mkasi uchemshwe. Nikamnong'oneza, utamwacha hivi? Kanong'ona, kichwa kimekaa vizuri, huyu atazaa hata mkunga akiwa ng'ombe. Sikiliza ninavyokwambia, basi.

Adhuhuri nikasikia magurudumu. Yakasimama kijitoni.

Viney kanawa mikono. Kavaa viatu vya zamani vya Asahel nilivyomwachia, kajifunga shali langu la sufu. Permelia alikuwa ametulia kati ya uchungu na uchungu, kageuza kichwa. Kamwona. Shali, viatu, kifurushi. Walitazamana — muda ambao sitausahau.  Nilijua Permelia akipiga kelele Obed atakimbia na yote yamekwisha.

Kasema: Viney, naogopa.

Viney kasema: najua, bi mdogo. Nami pia.

Permelia kafumba macho. Kasema: funga mlango basi, baridi inaingia.

Viney akaufunga. Kwa nje.

Sijui kama alimaanisha. Sikumwuliza. Hapakuwa na muda, uchungu ukarudi na ulikuwa na nguvu za ng'ombe, na nilikuwa mimi peke yangu na mikono yangu ya Vermont isiyojua kitu. Nilifanya kila neno la Viney. Mara mbili nilimwita kwa jina, kisha nikakumbuka. Saa nane hivi, mtoto wa kike. Mwekundu, mwenye hasira, mzima! Nilimfunga uzi mara mbili. Nilipompa mama yake nilikuwa nalia kwa sauti kubwa kuliko mtoto. Permelia kaniita mkunga wa ng'ombe. Kumbe alisikia! Nikacheka nikakaa sakafuni, sijui upande gani wa mstari.

Kisha kabla ya jua kushuka, farasi. Mzee Tuggle na watu wawili wenye bunduki.

Kaingia, kofia kichwani. Kamwona mtoto, uso ukalainika, kambusu binti yake. Kaangalia huku na huku. Viney yuko wapi?

Hakuna aliyejibu. Kauliza tena, sasa ananitazama mimi. Kasema anajua mume wangu ni nani na yuko wapi, na anajua sheria inasemaje kwa wanaowaficha watumwa wa watu. Kijakazi nilimpa binti yangu, kasema, na amepotea ndani ya nyumba ya binti yangu. Nataka jibu lenye kiapo.

Nilifungua mdomo. Sikujua litatoka nini.

Permelia kasema: nyumba hii si yangu, baba.

Sauti kama uzi. Kasema: nyumba nzima iko kwa Roxana. Kigingi nilikihamisha mimi, kwa mikono yangu, siku ya Bwana. Tandy hana hatia. Kwenye kipande kile hatukulala hata usiku mmoja, mwambie yeyote anayekitaka akichukue. Hapa ni kwa watu, baba. Vua kofia.

Mzee kaduwaa. Mkono ulikwenda kwenye kofia, ukarudi, ukaenda tena. Kaivua. Uso ulikuwa wa mtu aliyezeeka ghafla, na nusura nimwonee huruma. Kisha akaikamata kwa mikono miwili na kusema kwa upole mbaya sana: binti yangu, una homa. Akatoka na watu wake kutazama zizi na njia ya kijitoni. Ardhi imeganda kama chuma, magurudumu hayaachi alama. Namwomba Mungu yasiwe yameacha.

Obed ana saa nne mbele yao, labda na kidogo. Ng'ombe wake ni wazito.

Nimemwuliza Permelia, kwa nini umesema vile, umepoteza shamba lenu lote. Kasema: uliniona siku ile, sivyo? Nikasema nilikuona. Kasema, nilihisi mgongoni. Nilingoja uniambie niache.

Nami nilingoja aseme yeye. Tumengojana sote wawili mpaka imefika hapa.

Nawasikia wanarudi. Nilitaka kusimama, Permelia kanivuta. Kasema usisimame, ni nyumba yako, kaa. Nimekaa kitandani kando yake. Mtoto yuko kati yetu, analala na ngumi zimefungwa. Mzee anakung'uta viatu mlangoni.